Mfuniko wa Dereva

4 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Zipokee salamu zangu kabla hazijapoa njiani. Sisi huku wazima, ukiondoa magoti ya Mama, ambayo kila asubuhi yana habari zao wenyewe. Wiki iliyopita komeo la bafuni lilikwama naye akiwa ndani, mimi nikiwa kazini. Aligonga mpaka jirani wa juu akaja na bisibisi, akamtoa akiwa na taulo begani na matusi mdomoni. Niliporudi jioni aliniuliza ninachomelea nini huko kazini ikiwa komeo la nyumbani limenishinda. Nimeshalitengeneza, ila yeye haliamini tena. Sasa mlango wowote, kabla hajajifungia, anajaribu kwanza kama unafunguka. Ukimcheka anakutazama tu mpaka unanyamaza.

Wewe ndiye swali lake la kila siku. Nimeendelea kumwambia uko jikoni, unakipikia kikosi, kama ulivyoniagiza. Jana ameuliza kama wanakuachia uonje. Uongo haunikai vizuri mdomoni, lakini nilikuahidi.

Sasa kazi. Lile kundi la kwanza la vifaru limetoka mikononi mwetu, na nasikia limekuja kwenu. Najua utasema dada anajisifu, basi acha nijisifu. Yale mazee yalikuwa hapa kabla mimi na wewe hatujazaliwa, yakitoa moshi kuliko mwendo. Tumeyapa injini mpya, redio mpya, na kioo cha kuonea gizani. Tumbo tumelivika bamba la kuzuia mabomu ya ardhini, kwa hiyo ule mlango wa dharura chini ya kiti chako cha dereva usahau, umefunikwa. Na kichwani, maana sisi sehemu ya juu inayozunguka na mzinga wake tunaiita kichwa, tumepachika mabamba mazito ya chuma mbele, kama mashavu ya mtu mwenye hasira. Mashavu hayo ni kazi yangu. Ukiona mshono ulionyooka, ujue nani ameupitisha.

Banda letu ni fupi, kwa hiyo yamelala humu miezi yote mizinga ikitazama nyuma, la sivyo midomo yake ingetoka nje ya mlango na kuziba njia ya kwenda kunywa chai. Hata yalipopakiwa kuja kwenu yaliondoka hivyo hivyo, yamegeuza shingo kama watu walioitwa na mdai.

Barua hii nampa mzee wa lori la vipuri. Posta ya jeshi inasoma kila kitu, tena inasoma polepole. Mzee huja huku pale tu vitu vinapoharibika kwenu, kwa hiyo nakuombea barua chache. Kula, lala, na uvae soksi kavu.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Barua yako imenikuta mzima, nami naituma hii kwa mzee aliyekuja kuchukua pampu ya mafuta. Unaona, kuharibika kuna faida yake. Magoti ya Mama yape pole. Komeo nimelicheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini, nikawasimulia, sasa kikosi kizima kinamjua Mama.

Kazi yenu nimeiona. Injini inavuta mpaka nilidhani nimepewa mashine nyingine. Zamani tukipanda kilima nilikuwa naisukuma kwa dua. Kile kioo cha gizani ndicho kimetutoa ushamba: usiku wa kwanza tuliona kitu kinapumua kichakani, tukakaa roho mkononi nusu saa nzima, kumbe ni mbuzi wa mtu. Dereva wa kifaru cha jirani, huyu tunamwita Kinanda kwa sababu anapiga miluzi hata akipiga mswaki, mpaka leo akinipita hulia kama mbuzi. Ni mtu mwema. Nguo zetu tunafua pamoja, na ana barua mbili tatu za msichana fulani ambazo ananisomea bila kuombwa.

Kuna kitu kidogo. Mfuniko wangu, huu wa juu ya kichwa changu ninaopitia kuingia na kutoka, mzinga ukiwa mbele haufunguki. Unapanda kiganja kimoja hivi, halafu unagonga shavu lako. Inabidi nimwite mpigaji mzinga azungushe kichwa kando ndipo nitoke. Wa Kinanda nao uko vivyo hivyo. Labda kuna ujanja ambao hatujafundishwa. Ukipata nafasi uliza, si jambo la kukunyima usingizi.

Mwambie Mama supu ya leo ilipungua chumvi lakini hakuna aliyelalamika.

Kitinda


21 Machi

Kitinda,

Sisi hatujambo. Mama amefurahi kwamba supu haikulalamikiwa, ingawa alinyamaza kidogo kabla ya kufurahi.

Habari ya mfuniko imenichekesha, kisha ikaniudhi. Mifuniko ile niliifungua mimi mwenyewe, kila mmoja, mbele ya mkaguzi, kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na kikombe cha chai. Yote ilipanda bila kusita. Wako ukikwama, tia grisi kwenye bawaba, au punguza mkate, maana kiti hakijapungua. Kazi hii niliianza wewe ukivaa kaptula yenye kiraka, na huyo Kinanda wako sijui alikuwa wapi. Msitafute ubovu mahali ambapo haupo.


27 Machi

Mzee wa lori bado anangoja boksi la gia, kwa hiyo nimeifungua bahasha. Hayo ya juu ningeweza kuyachana, lakini nimeyaacha uone dada yako alivyo.

Ni lile neno lako, “mzinga ukiwa mbele.” Lilinikaa kama mwiba wa samaki. Juzi nimesimama bandani na kikombe changu, natazama kundi la pili likiwa mstarini, mizinga yote nyuma, kama kawaida. Nikajiuliza ni lini nimewahi kufungua mfuniko wa dereva mzinga ukiwa mbele. Sijawahi. Mkaguzi hajawahi. Mashavu yale kwetu daima yako upande wa injini, mbali kabisa na mfuniko. Tumekagua kila kifaru kikiwa kimegeuza shingo, kwa sababu ya njia ya chai.

Nilimwomba dereva wa uwanjani akitoe kimoja nje. Nikaingia mimi kwenye kiti, nikafunga mfuniko, nikamwambia azungushe kichwa mbele. Nikasukuma. Ukapanda kiganja, ukagonga chuma, basi. Nikasukuma kwa mabega. Niliona utepe mwembamba wa mwanga na ukingo wa kiatu chake, maana alikuwa ameshashuka, amesimama juu ya bamba la mbele. Nilimwita, akadhani natania, akanijibu kwa utani. Kitinda, niliogopa. Nilimkumbuka Mama bafuni, na yale matusi nikayaelewa moja baada ya jingine.

Mhandisi wetu alikuja, akaingia mwenyewe, akajaribu. Alipotoka alikuwa akifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. Amewaandikia wakubwa siku ile ile. Jibu limerudi leo asubuhi: mabamba yamenunuliwa na dhamana yake, atakayeyagusa kwa moto ameiua dhamana, na kundi la pili limeshatangaziwa siku ya kukabidhiwa, na wageni wamealikwa. Kwa hiyo tumeletewa boksi la karatasi za kubandika mbele ya kiti cha dereva, zimeandikwa kwamba ahakikishe kichwa kimegeuzwa kabla ya kutoka.

Umeme ukikatika, kichwa hakigeuki mpaka mtu akizungushe kwa mkono kwa ule usukani mdogo, na wewe unajua ni kazi ya muda gani. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Usifunge mfuniko mzinga ukiwa mbele. Mwambie mpigaji mzinga wako, mwambie na Kinanda. Karatasi zao sijabandika hata moja.

Nisamehe habari ya mkate.

Dada


19 Aprili

Dada,

Nimepata barua yako yote, ya juu na ya chini. Natumaini Mama anaendelea vizuri na jirani wa juu ameacha kujisifu kwa ile bisibisi.

Huku mvua. Matope yanafika kwenye minyororo na tunashinda tukichimba badala ya kuendesha. Chakula kipo. Nilikuwa na mafua, yamepita.

Mfuniko usikuumize kichwa, tumeshazoea. Mpigaji mzinga wangu anauweka mzinga kando kidogo kila tunapotembea, tunakwenda kama mtu aliyelalia mto vibaya. Kamanda anagomba lakini hajakataza.

Viatu vyangu vilipasuka, sasa navaa vya Kinanda. Vinabana kidogo kwenye kidole gumba. Asubuhi huku siku hizi ni kimya, unasikia hata maji yakichemka.

Mwambie Mama napika. Sina jingine.

Kitinda


6 Mei

Kitinda wangu,

Sisi wazima. Mama ameanza kutembea mpaka duka la pembeni bila fimbo, na huko anamwambia kila mtu kwamba mwanawe ni mpishi, kwa sauti ambayo siipendi. Kwangu hakuna jipya.

Mzee wa lori hakunitazama usoni aliponipa barua yako. Alishusha vitu vyake: mabomba ya mafuta yaliyoungua, nyaya zilizoshikana kuwa kitu kimoja, redio iliyoyeyuka upande. Kila kitu kilikuwa cha kifaru kimoja. Mimi moto ndio kazi yangu, najua chuma kilichochomwa kwa kazi na chuma kilichoungua.

Halafu nikasoma habari ya viatu. Mtu hampi mwenzake viatu vitani akiwa bado anavihitaji. Sikuulizi, kwa sababu ungetaka kusema ungesema, lakini usidhani nimepitwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe unaficha ili nisijilaumu, nami najilaumu kila ninapoinua kikombe. Nimeshindwa kunywa chai bandani. Nakunywa nyumbani tu, nimesimama.

Kwa hiyo sikiliza vizuri, maana sasa nasema kama fundi. Pamoja na bahasha hii mzee atakupa kipande cha boksi la sabuni kilichokunjwa. Ni kigezo. Hapa hatukati chochote bila kigezo, na huko msikate bila hicho. Kiweke kwenye kona ya chini ya shavu, upande wa dereva, tundu lake likae juu ya kichwa cha boliti ya pili. Chora kwa chaki. Kata kwa nje ya mstari, msizidi ndani, maana ndani kuna kikono kinachobeba uzito wote. Bamba lenyewe ni chuma tupu, hakuna kitu kilichofichwa ndani yake, nimehakikisha kabla ya kukuambia. Wale wa gari la kuvuta vifaru vilivyokwama wana mitungi ya gesi ya kukatia. Mmoja wao lazima ana mkono mtulivu, mtafuteni huyo.

Mstari wa kwanza nilichora mimi. Uliopinda kwa penseli nyembamba si wangu. Nilikuwa nakata boksi mezani, Mhandisi akapita, akasimama nyuma yangu. Nikangoja anifukuze. Akachukua penseli yake, akaurekebisha mpindo karibu na kikono, akarudi ofisini. Mstari wake ni bora kuliko wangu, fuateni huo.

Najua ni mali ya serikali na najua wanavyoiita kazi ya namna hiyo. Mkikamatwa, semeni kigezo ni changu. Mwandiko uko nyuma yake. Kuamua ni kwako na wenzako, mimi siko ndani ya kile kiti. Lakini nilikaa humo dakika chache uwanjani, jua likiwaka na mtu mwema akinitania, na sijatoka vizuri mpaka leo.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Shikamoo kwanza, maana leo nakuandikia kama mtu anayehitaji kusamehewa. Mimi mzima, mikono miwili, miguu miwili. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Ilikuwa kabla barua yako ya mwezi wa tatu haijatufika. Ningekuwa nayo ningemwonyesha Kinanda. Tulikuwa tunarudi, wao mbele sisi nyuma, hata mapigano yalikuwa yamekwisha. Bomba la mafuta lilipasuka kwa jiwe au kwa risasi, sijui, injini yao ikashika moto, na umeme ukafa. Mzinga ulikuwa mbele. Watatu wa juu waliruka. Mpigaji mzinga alirudi ndani akazungusha ule usukani mpaka nywele zake zikashika moto, wakamvuta kwa mkanda. Kichwa kilikuwa kimesogea kidogo tu.

Mimi nilipanda kwa mbele. Mfuniko ulikuwa umepanda kile kiganja kimoja. Akatoa mkono. Nikaushika, Dada. Nilivuta na mtaimbo nilikuwa nao mkono wa pili, lakini shavu lako ni imara, mshono haukutetemeka hata kidogo. Hakupiga kelele sana. Aliniambia, “Nivute taratibu, unaniumiza.” Nikamwambia navuta taratibu. Nilikuwa navuta kwa nguvu zangu zote. Halafu wenzangu wakanishusha, nilikataa, wakanishusha.

Viatu alikuwa ameviacha kwenye hema vikauke. Alikuwa anaendesha na ndala.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utafanya hesabu. Nimeona hata nisipoandika unaifanya. Basi bora uifanye ukiwa na ukweli: wewe hukujua, na ulipojua uliniandikia mara moja. Sisi tulijua kwa wiki kadhaa, tukazoea. Kuzoea ndiko kunakonisumbua.

Kigezo kilifika. Tulikaa madereva wote nyuma ya hema la jiko, lile jiko langu, tukakitandaza chini. Hakuna aliyesema hapana. Mmoja wetu alikwenda kwa kamanda akamweleza wazi, maana hatukutaka kuiba. Kamanda alisikiliza mpaka mwisho, akasema anakwenda kunywa chai. Chai ile ilikuwa ndefu, Dada. Alirudi kona ya mwisho ikiwa imeshapoa. Tulifuata mstari wa Mhandisi. Mifuniko sasa inafunguka mzinga ukiwa popote. Tumejaribu kila mmoja, tukirudia rudia kama wendawazimu.

Vipande vilivyokatwa viko ndani ya lori, chini ya magurudumu yaliyochakaa. Hatukujua pa kuvipeleka, tukaona virudi kwa mwenyewe.

Mzee wa lori amenieleza kwamba uliondolewa bandani tangu mwanzo wa mwezi wa tano kwa kukataa kubandika karatasi, na siku hizi unachomelea madirisha ya nyumba za wakubwa. Uliniandikia kwamba kwako hakuna jipya. Naona ugonjwa huu wa kuficha ni wa ukoo.

Mama usimwambie. Au mwambie. Mimi nimechoka kupika.

Kitinda


20 Juni

Kitinda,

Mzee alipita na lori kwenye geti la uwanja wangu mpya, akanishushia magurudumu yasiyonihusu. Nilivikuta vipande vyenu chini yake. Nimevipapasa kingo. Aliyekata ana mkono mzuri, mwambie hivyo. Ni kweli nachomelea madirisha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hapa angalau najua yanafungukia upande gani.

Kimoja nilimpelekea Mhandisi. Alikipokea kwa mikono miwili kama unavyompokea mtoto. Amekiweka juu ya meza ya mkubwa wake, juu ya lile boksi la karatasi za kubandika, akarudi kukaa. Jibu bado. Siku ya kukabidhi kundi la pili imesogezwa mbele bila maelezo, na vifaru bado vimelala bandani, vimegeuza shingo. Sijui watakata au watasubiri wageni wasahau. Mhandisi naye hajui, na anasema ama yeye ataondolewa kazini, ama kile kipande kitaondolewa mezani. Nami nimebeba hofu kama mimba isiyotaka kuzaliwa wala kutoka.

Barua yako nimemsomea Mama. Nilianza nikiruka mistari, kama nilivyozoea. Nilipofika kwenye mkono nikaikunja barua. Akaniambia nianze tena kutoka juu, na nisiruke. Nikamsomea yote.

Alisugua magoti. Kisha akasema, “Mpishi gani huyo? Nyumbani hapa alikuwa anaunguza hata chai.”

Alijua, Kitinda. Alijua tangu barua ya kwanza, tangu ile supu. Anasema alinyamaza kwa sababu aliniona ninavyotaabika kudanganya, akanihurumia. Dukani alikuwa akiwaambia watu mpishi kwa sauti kubwa ili na yeye mwenyewe asikie.

Ameuliza jina la mama yake Kinanda. Sikujua. Tafuta, anataka kumwandikia, na anasema atasema mwenyewe maneno yake, mimi nishike kalamu tu.

Halafu aliinuka akaingia bafuni. Nilisikia komeo: likafunguka, likafunga, likafunguka tena. Alikaa humo. Alipotoka uso ulikuwa umelowa, na alinikuta nimeshika kalamu hii. Akasimama mlangoni akanitamkia, nami nimeandika kama alivyosema, bila kupunguza:

“Mwambie asimsikilize mtu akimwambia mlango ni mzima. Hata dada yake. Kila akiingia, kabla hajafunga, afungue kwanza.”

Amesema hivyo mbele yangu. Fanya hivyo, mdogo wangu. Hata mimi usiniamini.

Dada yako